Pori la Maswa: Serengeti ya upande wa Bariadi

Ijumaa ya Januari 29, 2016, helikopta ndogo ilikuwa ikizunguka juu ya Pori la Akiba Maswa, mashariki mwa Mkoa wa Simiyu. Mizoga ya tembo ilikuwa imeonekana, na dalili zilionyesha kwamba waliowaua hawajafika mbali. Rubani alikuwa Roger Gower, Mwingereza wa miaka 37 aliyeacha kazi ya uhasibu kwao akaja kurusha ndege Afrika Mashariki. Risasi ilifyatuliwa kutoka chini, ikatoboa sakafu ya helikopta na kumpata. Aliishusha mashine hivyo hivyo akiwa na jeraha. Mwenzake alinusurika, yeye alifariki kabla ya waokoaji kufika.

Watuhumiwa walikamatwa siku chache baadaye na kufikishwa mahakamani mkoani Simiyu. Magazeti ya London na New York yaliandika habari hiyo, na baadhi yao yalitosheka kusema kwamba tukio limetokea karibu na Serengeti.

Januari 2026 ilitimia miaka kumi. Ni kipindi kinachofaa kuuliza pori hili lilitoka wapi, kwa sababu maneno hayo mawili, "karibu na", yameificha Maswa kwa muda mrefu. Pori hili lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000 linapakana moja kwa moja na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa kusini-magharibi, bila uzio wala ukuta. Nyumbu wanaozaa kwenye nyanda za nyasi fupi za Ndutu mwezi Februari hawajui kwamba kuna mstari wa ramani. Mvua ikinyesha vizuri huingia Maswa na kutoka wapendavyo.

Historia ya eneo hili huanza na ugonjwa. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann, akisafiri kutoka Ngorongoro kuelekea Ziwa Victoria, alikutana na Wamasai waliokuwa wakifa kwa njaa. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wao, na nyati na nyumbu walikufa vilevile. Palipobaki bila mifugo wala moto wa wafugaji, vichaka vilifunga, na mbung'o wakaja na malale. Wazungu waliofuata walikuta nchi yenye watu wachache wakaamini kwamba imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha kwa masimulizi ya wazee wa magharibi mwa Serengeti kwamba nchi hiyo ilikuwa na njia, mashamba, matambiko na majina ya mababu. Utafiti wake umeegemea zaidi upande wa Mara kuliko Usukumani, lakini hoja yake inavuka Mto Mbalageti bila shida.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Eneo la kuhifadhi wanyama lilitengwa miaka ya 1920, hifadhi ya taifa ikatangazwa 1951, Ngorongoro ikatenganishwa nayo 1959, na Pori la Akiba Maswa likaundwa 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru.

Tarehe ya mwisho ndiyo isiyosomwa shuleni, nayo ndiyo inayoihusu Bariadi. Wakati pori linatengwa, Wasukuma walikuwa wakisogea mashariki. Nchi ya katikati ya Usukuma ilikuwa imejaa watu na ng'ombe, pamba ilikuwa ikilipa, na vichaka vya mbung'o vilikuwa vikikatwa. Wilaya ya zamani ya Maswa, ambayo baadaye ilimegwa zikapatikana Bariadi na Meatu, ilikuwa ukingo wa safari hiyo. Jembe lilikutana na mpaka. Mipaka ya pori imerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, na sehemu ya ardhi yake imeachiwa vijiji.

Simulizi inayosomwa zaidi kuhusu miaka hiyo ni ya Myles Turner, mhifadhi aliyefanya kazi Serengeti kuanzia 1956 hadi 1972. Kitabu chake, My Serengeti Years, kilitoka 1987, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ni kitabu cha askari. Ndani yake upande wa magharibi ni upande wa majangili: mistari ya mitego ya waya, kambi za kukaushia nyama, mishale yenye sumu, doria za usiku na mapambano. Turner aliwapenda wanyama kwa dhati, na askari Waafrika aliofanya nao kazi walihatarisha maisha. Msomaji wa Bariadi, hata hivyo, atajikuta akisoma habari za babu zake zilizoandikwa na mtu aliyekuwa akiwasaka.

Kuna jambo kubwa ambalo simulizi za namna hiyo huliweka pembeni. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama kwa ndege mwaka 1958, walipata jumla ya wanyama wakubwa 366,980 katika tambarare zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa milioni 1.3. Kilichofanya waongezeke kiasi hicho hakikuwa bunduki ya askari. Ng'ombe wa wafugaji kuizunguka Serengeti walichanjwa sotoka, ugonjwa ukakosa pa kukaa, na ndama wa nyumbu waliokuwa wakifa kwa maelfu wakaanza kuishi. Uhamaji wa nyumbu ambao dunia nzima huja kuutazama ulipona kwenye zizi la mfugaji. Hilo lingestahili bango kwenye kila lango la hifadhi.

Ubishi mkali zaidi wa Maswa ulianza 1990, na haujaisha. Pori hili kwa miongo mingi limegawanywa katika vitalu vya uwindaji wa kitalii: Kimali, Mbono na Maswa Kaskazini. Mwaka huo mwindaji bingwa Robin Hurt, pamoja na Joseph Cullman, Mmarekani aliyewahi kuongoza kampuni ya sigara ya Philip Morris, walianzisha mradi wa wanyamapori na vijiji, Maswa ikiwa miongoni mwa maeneo yake ya mwanzo. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza. Mgeni anayewinda alipe nyongeza juu ya ada ya mnyama, na fedha hizo ziende vijijini. Wanakijiji nao washirikishwe kwenye doria, na atakayeleta mitego ya waya au taarifa za majangili alipwe.

Mitego ililetwa kwa wingi. Kwa watu wa uhifadhi huo ulikuwa ushahidi kwamba uwindaji halali hulinda pori, kwa sababu kambi ya wawindaji huweka macho mahali ambapo watalii wa kupiga picha hawafiki. Wapinzani waliona mambo kinyume. Iweje Mzungu anayening'iniza kichwa cha simba sebuleni aitwe mtalii, na mkulima wa Meatu anayenasa nyumbu mmoja alishe watoto aitwe jangili? Swali hilo limeulizwa katika mikutano ya vijiji, vyuoni na bungeni. Anayelijibu kwa haraka hajalielewa. Nyumbu mmoja wa kitoweo na tembo anayeuawa kwa meno yake si kosa moja, na sheria inayoyachanganya huwatupa jela maskini huku mwenye bunduki ya kivita akiendelea na biashara.

Hilo lilionekana wazi katika miaka ya Gower. Sensa iliyotangazwa 2015 ilionyesha tembo wa Tanzania wameshuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Operesheni Tokomeza ya 2013, iliyowalenga majangili, ilikuwa imekwisha kusitishwa kwa malalamiko ya mateso dhidi ya raia, na mawaziri wanne wakaondoka. Ajabu ni kwamba katika ikolojia ya Serengeti tembo walikuwa wameongezeka, kutoka 3,068 hadi 6,087. Huenda walikimbilia palipo na usalama zaidi, na wauaji wakawafuata. Hivyo ndivyo Maswa ilivyojikuta uwanja wa vita.

Historia nyingine ya miaka hii inakwenda kwa mistari michache. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi 2016 na kulichukua pori. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, wilayani Meatu, imeviweka vijiji kadhaa katika biashara ya utalii. Barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, kama kilomita 72, ilifunguliwa Januari 2017. Viwanja vya Nyakabindi vimebeba Nanenane ya kitaifa, na tamasha la Simiyu Jambo limekusanya mbio za baiskeli na ngoma za Wasukuma.

Pamoja na hayo, mtu wa Dar es Salaam akiulizwa Simiyu ina nini, atataja pamba, na pengine Gambosi na hadithi zake za uchawi. Maswa hataitaja. Hilo si kosa lake. Utalii wa hapa ulijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mgeni anayetua Arusha, aingie kwa upande wa mashariki na kutoka kwa upande huohuo.

Wengine walianza na watu wao. Huko Norwei, nchi ya milima na theluji, chama cha watembeaji kilianzishwa 1868 na mwaka huohuo kikapata kibanda chake cha kwanza, Krokan, mkoani Telemark. Sheria yao ya 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye nchi isiyolimwa. Maswa haiwezi kuiga hivyo, kwani simba hasomi sheria. Lakini Wanorwei waliifahamu milima yao kwa miguu kabla ya kuiuza, na mtoto wa wilaya ya Itilima, hapa Simiyu, anastahili kuifahamu Serengeti yake kabla ya kuiona kwenye kalenda iliyochapishwa ng'ambo.

Njia ipo. Kutoka Bariadi lami inafika Lamadi, na karibu na hapo, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, lipo lango la Ndabaka linaloingiza magari kwenye ukanda wa magharibi wa hifadhi. Basi la shule likiondoka Bariadi alfajiri linaweza kuwafikisha wanafunzi hifadhini asubuhi na kuwarudisha jioni. Halmashauri tano za wilaya za Simiyu zingeweza kuliweka hilo kwenye bajeti ya mwaka, na TAWA ingeweza kutenga siku chache za wakazi ndani ya Maswa, nje ya msimu wa uwindaji, wakati wa mvua, nyumbu wanapokuwa na ndama.