Kilimia: Nyota Zinazoshikamana

Ninyi wa Shirimatunda, mwishoni mwa Desemba, yapata saa nne usiku, elekeeni Mlima Kilimanjaro, kisha inueni macho juu sana. Mtaona nyota kama 6 zilizokaa pamoja. Hicho ndicho Kilimia, kilichowaonyesha wakulima majira. Jina lake latokana na neno "lima".

Mwaka 1610 Galileo wa Italia alieleza kwamba kwa darubini aliona humo nyota zaidi ya 30. Mwaka 1767 Mwingereza John Michell alipiga hesabu, akasema hazikukusanyika kwa bahati tu, bali zavutana. Leo twajua zimezidi 1,000.

Mbona basi hazirundikani katikati? Kwa sababu kila nyota ina mwendo. Huvutwa kuelekea katikati, hupita kwa kasi, huenda ikipunguza mwendo, kisha huvutwa kurudi, mfano wa bembea. Bila mwendo zingeangukiana. Bila mvuto zingetawanyika. Hata hivyo, moja moja huponyoka, na baada ya mamilioni ya miaka Kilimia kitatawanyika.

Swali la darasani: Ni mambo gani mawili yanayokihifadhi Kilimia?