Seva yako ya mawinguni: mlinzi wa filimbi au wa rungu?



Siku hizi vijana kibao kuanzia Bunju mpaka huku kwetu Bagamoyo wanatengenezea watu tovuti, na kila aliyepanga seva huko mawinguni anauliza swali lilelile: niweke programu gani ya kugundua na kuzuia wavamizi? Nimeona nijibu kwa pamoja, maana mimi mwenyewe niliwahi kukosea na likamgharimu mtu.

Kwanza tuelewane. Programu ya kugundua ni mlinzi mwenye filimbi: akiona kitu anapuliza, wewe ndo unatoka na tochi. Programu ya kuzuia ni mlinzi mwenye rungu: hakuulizi, anashusha tu. Wengi wetu tunapenda rungu. Subirini kidogo.

Pili, wingu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba analinda jengo na umeme, lakini mlango wa chumba chako ni juu yako. Nyaya za mtandao huzigusi, kwa hiyo ule mtindo wa ofisini wa kuchomeka mashine ya kuchungulia kwenye swichi sahau. Kwa mtu mdogo sehemu za kuweka mlinzi ni mbili: ndani ya seva yako, au kwenye huduma za mwenye nyumba.

Vyombo vyenyewe ni hivi:

1. Fail2ban. Bure na nyepesi, hata seva ya RAM GB 1 inaimudu. Inasoma kumbukumbu za seva. Anwani ya IP ikikosea paswedi mara 5 ndani ya dakika 10, inafungiwa dakika 10. Namba zote hizo unaweza kuzibadili.

2. Wazuh. Bure, ilizaliwa 2015 kutokana na OSSEC. Inakuambia faili gani limeguswa na programu gani ina matundu. Ila inataka seva ya pembeni yenye RAM ya kutosha.

3. Snort (Martin Roesch aliianzisha 1998) na Suricata. Hizi zinasoma trafiki yenyewe, na zinaweza kupiga filimbi au kushika rungu. Tatizo ni kwamba trafiki nyingi siku hizi imefungwa kwa HTTPS, hivyo mlinzi wa njiani anaona bahasha, barua haioni.

4. GuardDuty ya Amazon, ilianza 2017. Husimiki kitu, unaiwasha tu. Ni ya filimbi, na bili yake ya dola inapanda kadiri kumbukumbu zinavyoongezeka.

Sasa kosa langu. Kuna gesti moja hapa niliiwekea Fail2ban, na si kwenye mlango wangu wa SSH tu, hata kwenye ukurasa wa wateja kuingia. Nikajifanya mjanja, adhabu nikaweka masaa 24. Nilichosahau ni kwamba simu nyingi za mtandao mmoja zinatoka nje kwa anwani moja ya IP, na intaneti kafe nzima ni vilevile. Ijumaa moja mtu akakosea paswedi mara 5, tukafungiwa wote, mpaka mwenye gesti. Wageni 9 walikuwa wanasubiri athibitishe vyumba. Walipofika Mapinga bado kimya, wakatafuta kwingine. Siku ile mvamizi hakuwepo hata mmoja.

Je, tutupe rungu? Hapana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya. Seva zilizoko nje ziliendelea kuwaka na dunia nzima kuzigonga, huku wewe filimbi huisikii. Hapo bila rungu umekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu:

- Mlango wa SSH unaoingia wewe peke yako: rungu, tena tumia ufunguo badala ya paswedi.
- Ukurasa wa wateja: filimbi kwanza. Fungia akaunti inayokosea kwa dakika chache, si anwani nzima.
- Jiachie njia ya pili ya kuingia, kama konsoli ya mwenye seva, kabla hujawasha chochote.
- Chagua chombo ambacho taarifa zake utazisoma kila siku. Filimbi 300 zisizosikilizwa ni kelele tu.
- Kumbukumbu zenye majina ya wageni ni taarifa binafsi. Sheria iliyoanza kutumika 1 Mei 2023 ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, isome kabla ya kuchagua huduma.

Ukianza leo na seva moja, Fail2ban kwenye SSH inatosha. Wazuh ije seva zikiongezeka.

Aliyewahi kujifungia nje kama mimi aseme, tusaidiane. Nawasilisha.