Hati Zilizobaki Mezani

Kila mwaka, siku za mwisho za mwezi wa Juni zinapokaribia, macho ya Marekani nzima huelekea jumba moja la marumaru nyeupe jijini Washington, ambamo majaji 9 huketi kutoa hukumu za mashauri mazito waliyoyasikiliza tangu Oktoba; na hukumu zikishatoka, upande ulioshindwa haukosi kulalamika kwamba siasa imeingia mahakamani na kuichafua. Malalamiko hayo yamezidi katika miaka ya Rais Donald Trump, ambaye amri zake aghalabu hazikauki wino kabla ya kufikishwa mbele ya jaji. Mimi sina nia ya kuwatetea majaji hao wala ya kuwashutumu. Lakini wale wasemao kwamba siasa imeingia hudhani ulikuwapo wakati ilipokuwa nje, na tarikhi ya mahakama hiyo haituonyeshi wakati huo. Madaraka yenyewe ya jaji kuitangua sheria iliyopitishwa na Bunge yalizaliwa katika ugomvi wa vyama viwili, kwa mkono wa mtu aliyekuwa mmoja wa wagomvi, na katika shauri ambalo chanzo chake kilikuwa ni uzembe wa mtu huyo huyo.

Hapo awali Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa kitu dhaifu. Ilipokutana mara ya kwanza, mjini New York mnamo Februari 1790, haikuwa na shauri hata moja la kusikiliza. Serikali ilipohamia Washington mwaka 1800, mji uliokuwa bado wa tope na majumba yasiyokwisha kujengwa, Rais alikuwa na ikulu na Bunge lilikuwa na jumba lake, ilhali mahakama ilikumbukwa mwishoni kabisa, ikapewa chumba cha kamati katika orofa ya chini ya jumba la Bunge. Majaji wenyewe waliitumia sehemu kubwa ya mwaka njiani, wakienda jimbo hadi jimbo kusikiliza mashauri na kulala katika nyumba za wageni, jambo lililowachosha hata vijana, seuze wazee wenye magonjwa ya viungo. John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza, aliona ni afadhali kuwa gavana wa New York, akajiuzulu mwaka 1795; na Rais John Adams alipomwita arudi mwishoni mwa mwaka 1800, alikataa, akieleza kwamba mahakama hiyo haina nguvu, wala uzito, wala heshima.

Adams alikuwa na haraka kwa sababu alikuwa ameshindwa. Uchaguzi wa mwaka 1800 ulikiondoa chama chake, chama cha Federalist, katika urais na katika Bunge pia, na mpinzani wake Thomas Jefferson alitarajiwa kuapishwa tarehe 4 Machi 1801. Katika wiki hizo za kuaga, watu waliokataliwa na wapiga kura waliamua kujihifadhi mahali ambapo wapiga kura hawafiki, yaani katika viti vya majaji, ambavyo Katiba huwapa wavikalie maadamu wana mwenendo mwema. Sheria iliyopitishwa Februari ilizaa viti vipya 16 vya majaji wa mizunguko, na papo hapo ikaamuru kwamba Mahakama ya Juu ipunguzwe kutoka majaji 6 hadi 5 mara kiti kimoja kitakapokuwa wazi, ili Jefferson asipate wa kumteua. Sheria nyingine ilimpa Adams nafasi ya kuteua mahakimu wadogo wa amani katika wilaya ya mji mkuu, naye akateua 42. Na kwa kiti cha Jaji Mkuu alimteua Waziri wake wa Mambo ya Nje, John Marshall wa Virginia, mtu wa miaka 45, askari wa zamani wa vita vya uhuru, jamaa yake Jefferson kwa mbali na hasimu wake kwa karibu.

Marshall alikula kiapo cha Jaji Mkuu tarehe 4 Februari, walakini uwaziri hakuuacha. Kwa muda wa mwezi mzima alikuwa na vyeo vyote viwili, na hakuna aliyeona ajabu. Kazi yake moja ya uwaziri ilikuwa kutia muhuri wa dola katika hati za uteuzi baada ya Rais kuzitia sahihi, kisha kuzipeleka kwa wenyewe. Usiku wa tarehe 3 Machi hati za mahakimu wale zilikuwa zimetiwa sahihi na muhuri. Nduguye Marshall, James, alichukua fungu la hati za watu wa Alexandria, akaona hawezi kuzibeba zote, akarudisha nyingine ofisini. Asubuhi ilipokucha Jefferson aliapishwa, tena aliyemwapisha alikuwa Marshall huyo huyo. Na hati zisizopelekwa zilikuwa bado zimelala katika ofisi ya wizara. Jefferson akaamuru zisipelekwe.

Mmoja wa walionyimwa hati zao alikuwa William Marbury, tajiri wa mambo ya fedha aliyekaa Georgetown. Uhakimu aliokuwa akiugombania ulikuwa mdogo, wa miaka 5 tu na wa mashauri madogo madogo, na mtu mwenye mali kama yeye hakuuhitaji kwa riziki; lakini chama chake kilihitaji ugomvi, na Desemba 1801 yeye na wenziwe watatu walikwenda katika Mahakama ya Juu kuomba Waziri mpya, James Madison, aamrishwe kuwapa hati zao. Wafuasi wa Jefferson katika Bunge walijibu kwa namna yao: waliifuta sheria ya viti 16, wakabadili na kalenda ya mahakama hivi kwamba majaji hawakuweza kukutana tena mpaka Februari 1803. Msomaji aonaye ajabu kwamba wanasiasa wa leo hutishia kuwapunguzia majaji nguvu na akumbuke kwamba wa wakati ule waliifunga mahakama kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Shauri liliposikilizwa lilikuwa karibu na mchezo wa kuigiza. Madison hakuja wala hakutuma wakili. Makarani wawili wa wizara waliitwa kutoa ushahidi, wakasitasita, na kumbukumbu zao zikawa na mashimo. Mwanasheria Mkuu, Levi Lincoln, aliyekuwa amekaimu uwaziri siku hati zilipopatikana, aliomba apewe maswali kwa maandishi na muda wa kufikiri, kisha hakukubali kueleza zilikokwenda. Kiapo cha James Marshall ndicho kilichothibitisha kwamba ziliwahi kuwapo. Na katikati ya mahangaiko hayo yote ya kutafuta shahidi, aliyejua mambo kuliko wote, aliyezigonga muhuri hati zenyewe na kuziacha mezani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele amevaa joho akisikiliza. Leo jaji wa mahakama yoyote ya wilaya angejitoa katika shauri la namna hiyo. Marshall hakujitoa.

Hukumu ilisomwa tarehe 24 Februari 1803, si mahakamani bali katika hoteli ya Stelle, kwa kuwa Jaji Samuel Chase alikuwa mgonjwa na ilikuwa rahisi zaidi kwa mahakama kumwendea yeye. Hali ya Marshall ilikuwa ngumu. Akiamuru hati zitolewe, Madison hatatii, na mahakama isiyo na askari wala hazina itaaibika mbele ya ulimwengu. Akikataa bila ya sababu, itaonekana imemwogopa Rais. Basi akayapanga maswali matatu. Je, Marbury ana haki ya hati yake? Anayo, maana imetiwa sahihi na muhuri, na kumnyima ni dhuluma. Je, sheria za nchi zina dawa ya dhuluma hiyo? Zinayo, kwani waziri wa serikali hayuko juu ya sheria. Je, dawa hiyo itoke katika mahakama hii? Hapo ndipo alipogeuka: kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya mwaka 1789, ambacho Marbury alikitegemea, kiliipa mahakama uwezo wa kusikiliza mashauri tangu mwanzo ambao Katiba haikuupa, na sheria ikipingana na Katiba ni batili, na ni kazi ya majaji kusema kwamba ni batili.

Alilegeza mshipi kama mvuvi mzoefu, na Jefferson akaumeza. Alipatiwa ushindi alioutaka, hati hazikutolewa, hapakuwa na amri ya kuasi, na kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuyakataa maneno yaliyokuwa ndani ya hukumu. Kwa maoni yangu hukumu ile ni kazi ya akili kubwa na ya insafu ndogo. Wanasheria wengi wamesema tangu hapo kwamba kifungu kile cha 13 kingeweza kusomwa kwa namna isiyogombana na Katiba hata kidogo. Tena asiye na mamlaka ya kusikiliza shauri huanza kwa kusema hana, hahubiri kwanza juu ya makosa ya mdaiwa. Ama Marbury, uhakimu hakuupata maishani mwake. Nyumba yake ya Georgetown leo ni ubalozi wa Ukraine.

Siku sita baadaye, katika shauri la Stuart na Laird, mahakama ile ile iliikubali sheria ya chama cha Jefferson iliyowafuta majaji wapya 16, na hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito wa kisiasa siku zile. Majaji walitangaza kwamba wanaweza, kisha palipokuwa na hatari ya kweli wakanyamaza.

Hatari yenyewe haikuchelewa. Mei 1803 Jaji Chase, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru na mtu mwenye ulimi usiotulia, aliwahutubia wazee wa baraza la mashitaka mjini Baltimore kwa maneno makali dhidi ya siasa ya chama tawala. Jefferson akamwandikia mbunge mmoja akiuliza kama jambo hilo lipite hivi hivi, na mwaka 1804 Baraza la Wawakilishi likamshitaki Chase ili aondolewe. Watu walijua kwamba Chase akianguka Marshall atafuata. Marshall naye alijua. Katika barua ya faragha aliyomwandikia Chase, alifikiri kwamba ingekuwa afadhali Bunge lipewe uwezo wa kuzigeuza hukumu zisizowapendeza wabunge kuliko kumwondoa jaji kazini. Mwandishi wa hukumu ya Marbury alikuwa tayari kuyarudisha madaraka aliyoyatwaa, alimradi wamwachie kiti. Shauri lilisikilizwa Seneti mwanzoni mwa 1805, likiongozwa na Makamu wa Rais Aaron Burr, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amemwua Alexander Hamilton kwa bastola na alikuwa akitafutwa na serikali za majimbo mawili. Kura 23 kati ya 34 zilihitajika kumtia Chase hatiani, na chama cha Jefferson kilikuwa na maseneta 25. Walakini hakuna shitaka lililopata zaidi ya kura 19. Wako maseneta wa chama tawala walioona kwamba kusema vibaya si sawa na kutenda jinai, na kura zao chache, kuliko maneno yote ya Marshall, ndizo zilizoiokoa mahakama. Hakuna jaji mwingine wa mahakama hiyo aliyepata kushitakiwa hivyo mpaka leo.

Kwa miaka 54 baada ya hukumu ya Marbury, majaji hawakuitangua sheria nyingine ya Bunge. Walipoirudia, Machi 1857, ilikuwa katika shauri la Dred Scott, mtumwa wa Missouri aliyedai uhuru wake. Jaji Mkuu Roger Taney aliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, na kwamba Bunge halina uwezo wa kuukataza utumwa katika nchi zilizo chini ya serikali kuu. Miaka minne baadaye nchi ilikuwa vitani. Wanaoyasifu madaraka ya majaji kana kwamba kila mara huwa ngao ya mnyonge aghalabu huipita hukumu hii mbio.

Hata idadi ya majaji haikuandikwa katika Katiba. Ilipanda na kushuka kwa hesabu za vyama mpaka sheria ya mwaka 1869 ilipoiweka 9. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, akiwa ameshinda majimbo 46 kati ya 48 na kuchoshwa na wazee waliokuwa wakizitangua sheria zake, aliomba ruhusa ya kuongeza majaji wapya wasiozidi 6. Maseneta wa chama chake mwenyewe waliuzika mpango huo Julai. Lakini tangu Machi majaji walikuwa wamekwisha anza kuzikubali sheria za namna waliyokuwa wakiikataa.

Mara nyingine, hata hivyo, madaraka hayo yalimkinga mnyonge kweli. Wakili aliyeshinda mwaka 1954, mahakama hiyo ilipopiga marufuku ubaguzi wa shule kwa sauti ya majaji wote 9, alikuwa Thurgood Marshall, ambaye hana nasaba na yule wa kwanza. Aliona kwa macho yake kwamba hukumu peke yake haifungui mlango, kwani mwaka 1957 Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari Little Rock ili wanafunzi weusi 9 waingie darasani. Mtu huyo ndiye aliyealikwa na Tom Mboya kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960, akawaandikia rasimu ya haki za raia iliyowakinga hata Wazungu na Waasia na mali zao, na kuwapa majaji kazi ya kuilinda. Miaka 7 baadaye alikuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama ile.

Siku hizi vyama havigombanii tena kuifunga mahakama, vinagombania kuijaza. Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, Seneti ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland aliyependekezwa na Rais Obama, kwa hoja kwamba mwaka wa uchaguzi wananchi waachiwe waamue. Na Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020, viongozi wale wale wa Seneti walimthibitisha Amy Coney Barrett siku 8 kabla ya uchaguzi. Maneno mengi yalisemwa juu ya unafiki huo, na kwa haki. Lakini Adams alimteua Marshall akiwa ameshindwa tayari, na Seneti iliyomthibitisha ilikuwa inaaga. Chama cha Federalist kilichompa kiti kilikufa akiwa bado kazini. Yeye alikaa miaka 34, mpaka alipofariki mwaka 1835. Barrett aliingia akiwa na umri wa miaka 48, na akikaa muda huo huo, atakuwa akitoa hukumu mpaka mwaka 2054.