Krosi za propela kwenye Land Rover ya zamani: namna ya kuzikagua na kuzibadilisha

Wengi wenu mnaotusikiliza kutoka Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Kondoa mnaijua Land Rover ya zamani, hasa ile ndefu ya 109. Ndiyo inayopeleka watu na mizigo mnadani, na mara nyingine mgonjwa hospitalini. Injini yake inaweza kuwa nzima kabisa, lakini gari likakwama korongoni kwa sababu ya kipuri kinachoenea kiganjani: krosi ya propela. Hapa tunaeleza namna ya kuikagua mapema na kuibadilisha bila kuhatarisha maisha.

Krosi ni nini

Propela shafti ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Gari likipita kwenye mashimo, difu hupanda na kushuka, kwa hiyo shafti lazima iweze kujikunja kila mwisho huku ikizunguka. Kazi hiyo hufanywa na krosi, chuma chenye umbo la msalaba. Kila ncha ya msalaba imeingia ndani ya kikombe chenye vichuma vyembamba kama sindano, vilivyolowa grisi. Kila shafti ina krosi mbili.

Adui wa krosi ni vumbi la kiangazi na maji ya masika. Mpira wa kikombe ukichakaa, vumbi na maji huingia, grisi hukauka, na zile sindano huanza kusagika.

Kwanza usalama

Kwenye Land Rover hizi, na hata Defender za zamani zilizofuata, breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Iko nyuma ya giaboksi, na inachoshika ni propela ya nyuma. Ukiifungua propela hiyo, au ikikatika, breki ya mkono haishiki tena chochote. Gari lililo kwenye mteremko litaondoka, na linaweza kumkanyaga fundi aliyelala chini yake.

Hata propela ikiwa mahali pake, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gari kusogea ingawa breki imevutwa. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, zima injini, na uzuie magurudumu kwa mawe makubwa au magogo, mbele na nyuma. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Dalili za krosi mbovu

• Mlio wa "tang!" unapoondoka au unapobadilisha gia.
• Mlio mwembamba kama wa ndege, gari likienda taratibu. Hiyo ni krosi kavu.
• Mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.
• Unga mwekundu wa kutu pembeni mwa vikombe.

Ili kuhakikisha, magurudumu yakiwa yamezuiwa, weka gia huru na uachie breki ya mkono. Ingia chini, shika pande mbili za krosi na uzizungushe kinyume, kisha sukuma shafti juu na chini. Ukiona msalaba unacheza ndani ya vikombe, hata kidogo, krosi hiyo imekwisha. Grisi haitaiponya.

Kubadilisha

1. Kabla ya kufungua, chora alama kwa tupa au rangi pale shafti inapokutana na flanji, na pale vipande viwili vya shafti vinapoingiliana. Ukivirudisha vibaya, gari litatetemeka hata kwa krosi mpya.

2. Fungua bolti nne kila upande. Kwa kawaida ni spana ya 9/16, ya inchi. Ya milimita isiyokaa sawasawa itakula kona za nati.

3. Safisha, kisha toa klipu nne kwa koleo. Kinga macho, maana klipu huruka.

4. Kwenye vaisi, tumia soketi ndogo kusukuma kikombe upande mmoja, na soketi kubwa ikipokee upande wa pili.

5. Vua vikombe vya krosi mpya taratibu. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, hakitaingia mpaka mwisho na klipu haitakaa. Hapo usipige nyundo, toa uangalie.

6. Hakikisha tundu la grisi linaelekea mahali bomba la grisi litakapofika. Klipu zote zizame kwenye mifereji yake. Krosi ijikunje kwa mkono pande zote, bila kukwama wala kucheza.

7. Rudisha shafti kwa kufuata alama, funga kwa nati mpya za kujikaza, na piga grisi mpaka ichungulie kwenye mipira. Endesha taratibu, kisha kagua bolti tena.

Unapokwenda dukani, chukua krosi ya zamani. Linganisha unene wa kikombe na upana wa msalaba, sio sura tu.

Ikikatikia njiani

Ikikatika ya nyuma, zuia magurudumu, fungua shafti yote uitoe, kisha weka gia ya magurudumu yote manne. Gari litavutwa na magurudumu ya mbele. Nenda polepole, bila mzigo mzito, na usitegemee breki ya mkono: kila unaposimama, weka jiwe kwanza.

Kwa barabara zetu, tunashauri upige grisi kila unapobadilisha oili, na kila baada ya gari kuvuka korongo lenye maji. Krosi haifi ghafla. Hupiga kelele kwa muda mrefu kabla ya kukatika, kwa hiyo msikilize dereva anapokwambia gari limeanza kulia.