Troyeville: Safari ndefu ya muhuri

Troyeville, kitongoji cha mashariki mwa Johannesburg, kimepokea wahamiaji wa vizazi kadhaa, wakiwemo Wareno waliotoka Msumbiji baada ya uhuru wa mwaka 1975 na, baadaye, Wakongo. Wote walikabiliwa na swali moja: je, cheti cha Afrika Kusini kitaaminika ng'ambo?

Zamani jibu lilikuwa mlolongo wa mihuri, kuanzia wizara ya mambo ya nje mjini Pretoria hadi ubalozi wa nchi husika. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliufuta mlolongo huo baina ya wanachama. Hati moja, apostili, huthibitisha saini na muhuri, si ukweli wa yaliyoandikwa.

Kwa Ureno mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1969, kwa Afrika Kusini 1995, Burundi 2015 na Rwanda 2024. Rwanda ilipoingia, Kongo ilikuwa bado nje. Hivyo, kati ya watoto wawili waliozaliwa mtaa mmoja, cheti cha mtoto wa Mrundi kilitosheka na apostili. Cha mtoto wa Mkongo kilipotoka wizarani kilisubiri tena ubalozini, na mzazi akalipa ada nyingine ili mwanawe atambuliwe kwao.