Kahawa ya Kutafuna

Je, mwadhani kahawa ilianza kwetu na kikombe cha Mzungu? Sivyo. Wahaya walikuwa nayo kabla Wajerumani hawajajenga boma Bukoba mwaka 1890. Hawakuinywa, waliitafuna. Walichuma matunda mabichi ya mbuni, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayaanika, kisha wakampa mgeni.

Ndani ya tunda moja mna punje mbili. Marafiki wawili walipochanjiana, kila mmoja alimeza punje iliyotiwa damu ya mwenzake. Tangu hapo wakawa ndugu.

Baadaye kahawa ikawa zao la fedha, na wengi wakasahau kuwa kwanza iliunga undugu. Wewe usisahau unapomkaribisha mgeni.

Sasa someni kwa sauti: mbuni, punje, mgeni, ndugu.