Ukimya Usiotungwa: Historia ya Mwanya baina ya Faili za Muziki na Funzo Lake kwa Hifadhi za Sauti za Kiswahili

Katika ughani wa Kiswahili, kimya kina maana: ndicho kituo, ndiyo pumzi ya mghani. Makala haya yanachunguza kimya cha aina nyingine, kile kinachozalishwa na mashine baina ya faili moja ya muziki na inayofuata. Hoja kuu ni kwamba mwanya huo ulitokana na kutohifadhiwa kwa urefu halisi wa sauti, na uliondolewa pale urefu huo ulipoanza kuandikwa.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takribani dakika 3 kila upande. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi taarab mjini Bombay mwaka 1928, walifungwa na mpaka huo. Santuri ndefu ya mwaka 1948 ilipanua nafasi, hata Pink Floyd wakaweza kuunganisha nyimbo katika The Dark Side of the Moon (1973). CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, iliudumisha mwendelezo huo: sauti ni mkondo mmoja, na mipaka ya nyimbo ni alama tu.

Mkondo ulikatizwa na MP3, kiwango cha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sauti hubanwa kwa fremu za sampuli 1,152. Wimbo usioenea katika fremu kamili hujaziwa kimya mwishoni. Aidha, programu zinazobana na kufungua sauti huongeza kimya mwanzoni. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni takribani milisekunde 26, muda unaotosha kuvunja mdundo. Kiwango chenyewe hakikutenga mahali pa kuandika kiasi kilichoongezwa. Watunzi wa programu ya LAME waliandika tarakimu hizo mwanzoni mwa faili ili kichezaji kizikate, na mwaka 2006 iTunes 7 ikacheza nyimbo bila mwanya. FLAC, iliyokamilika mwaka 2001, huhifadhi kila sampuli na idadi yake.

Historia hii inazihusu hifadhi zetu, ambamo santuri na kanda za taarab na tenzi zinageuzwa kuwa faili. Mkatiko uliotokana na kugeuza upande wa santuri ni ushahidi wa kihistoria; kimya cha kujazia fremu ni kasoro. Viwili hivi vikichanganyika, mtafiti wa arudhi anayepima vituo kwa milisekunde atahesabu pumzi ambayo mghani hakuivuta.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba sera za uhifadhi ziagize mambo matatu: nakala kuu isibanwe kwa namna inayopoteza sauti, kila faili iambatane na idadi ya sampuli zake na nafasi yake katika rekodi asilia, na MP3 ibaki kuwa nakala ya kusikilizia tu. Gharama ya kuandika tarakimu hizo leo ni ndogo. Kanda ikishachakaa, hazitapatikana tena.